Kifaa Namba Kumi na Saba

Sehemu ya Tisa

Wanaume wawili, machela moja, halafu giza.

Hapo ndipo tulipoachia Jumamosi iliyopita, na najua mmenisema wiki nzima. Haya, endeleeni kunisema baadaye. Sasa hivi kuna binti kasimama katikati ya maabara, simu mkononi.

Kwa aliyejiunga nasi leo: wagonjwa wanamwita Dada Hadubini, maana kutwa nzima jicho lake liko kwenye hadubini akisaka vijidudu katika damu zao. Kituo chake cha afya kiko mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani. Na nyumbani yuko mama yake, mkunga mstaafu, amepooza upande wa kulia na mdomo hausemi tena. Miezi saba iliyopita mama huyo alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa tabu maneno matatu: "Msinitoe chumbani mwangu."

Binti akaapa mbele yake. Na kwa kuwa kiapo hakilindwi kwa maneno, akafunga kamera ndogo chumbani humo, ili kila apatapo upenyo kazini atupe jicho.

Sasa kaka yake mkubwa, yule tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu hata mbele ya mgonjwa anahutubia, ameshasema mara tatu kwamba mama ahamishiwe mjini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Mara tatu binti amekataa. Na leo, saa nne asubuhi, machela imeingia chumbani kwa mama na picha ikafa papo hapo.

Akapiga simu nyumbani. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena.

"Haloo."

Ni baba.

"Baba! Hao watu ni akina nani?"

"Siku hizi shikamoo imefutwa?"

"Shikamoo, baba! Hao watu wa machela wanafanya nini kwa mama?"

"Marahaba. Watu gani?"

"Nimewaona kwenye kamera! Wawili, wamevaa makoti meupe!"

"Umeona vivuli, mama. Umeme ulikatika, sasa umerudi. Hapa niko mimi na mama yako tu. Nimemshika mkono."

"Yuko salama?"

"Amelala fofofo."

Moyo wa binti ukatulia. Si wote, kidogo tu. Maana baba huyu, kama mnavyomjua, alikuwa mkuu wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini na moja, na hajawahi kumdanganya abiria hata mmoja. Treni ikichelewa saa sita alitangaza saa sita, akatukanwa, akanywa maji, akatangaza tena. Mtu wa namna hiyo akikwambia amelala, unaamini.

Lakini macho nayo yana ushahidi wake.

"Baba, nataka kumwona mwenyewe."

"Si nimekwambia amelala?"

"Nimwone hivyo hivyo amelala."

Mlango wa maabara ukafunguliwa, daktari akaingiza kichwa. "Damu ya yule mama wa upasuaji vipi? Tumeshamfungua tumbo."

"Iko kwenye maji, daktari. Dakika kumi na tano."

"Kumi na tano tu!" Akatoweka.

Kwenye chombo cha maji ya uvuguvugu palikuwa na mirija miwili ya kioo. Ndani yake damu ya mgonjwa imechanganywa na damu ya mtoaji, zipimane kama zitapatana. Zisipopatana, zinagandana vipande vipande, na kumwekea mtu damu ya hivyo ni kumuua. Mtu wa kuitazama katika kituo kizima ni mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyeshika simu. Hata angetaka kukimbilia basi, asingeweza kutoka mlangoni.

Mnasema ampigie jirani? Jirani na mzee hawasalimiani tangu sehemu ya nne, kwa ajili ya ule ukuta wa mpakani. Dada wa kumtunza mama? Mheshimiwa alimpa likizo juzi. Binti alipoambiwa habari ya likizo aliona ni wema wa kaka. Jamani, wema!

Kwa hiyo imebaki ruta, kile kisanduku cha intaneti kinachoiunganisha kamera na dunia.

Ruta ya nyumbani, kwa msiojishughulisha nayo, ni kama mlinzi wa geti asiyejua kucheka. Aliye ndani akitaka kutoka, anapita. Anayetoka nje akibisha, anafukuzwa, hata awe mtoto wa nyumba hiyo. Ili upite lazima mlinzi awe ameagizwa mapema: atakayebisha mlango elfu nane na themanini, mpeleke moja kwa moja kwa kifaa namba fulani. Binti alikuwa ameyafanya hayo kwa mikono yake wakati wa likizo. Mlango elfu nane na themanini, kifaa namba kumi na nne, kamera ya mama.

Sasa baba anasema umeme ulikatika. Binti akajipiga paji la uso. Ruta ikizimika na kuwaka hugawa namba upya, na aliyekuwa kumi na nne jana leo aweza kuwa yeyote. Kuna namna ya kuifunga namba isihame. Alisema ataifanya kesho yake. Kesho yake akapanda basi kurudi kazini.

Uzembe wangu, akajiambia. Uzembe wangu mwenyewe.

"Baba, kompyuta yangu ya zamani iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Hapa hapa. Chumbani, kwa mama yako."

"Iwashe. Nitakuelekeza."

"Mimi?"

"Nani mwingine, baba? Si umesema uko peke yako?"

Ikasikika kompyuta ikiwaka.

"Pale juu kabisa kwenye kile kimstari, andika namba nitakazokutajia. Moja, tisa, mbili, nukta. Moja, sita, nane, nukta. Moja, nukta, moja."

"Narudia. Moja, tisa, mbili, nukta..."

"Baba, usirudie, andika!"

"Namba isiyorudiwa imeua watu, wewe. Treni mbili kwenye reli moja, kisa mtu alikuwa na haraka. Narudia. Moja, tisa, mbili, nukta..."

Ukitaka kumuua mzee wa reli, mkataze kurudia. Binti akang'ata mdomo, akasubiri mpaka namba ya mwisho.

"Inataka jina na paswedi."

"Kapindue ruta sebuleni, kuna karatasi imebandikwa chini."

"Sina miwani hapa."

"Baba, miwani iko kichwani kwako."

"Umejuaje?" Sauti ya mzee ikaruka.

"Iko kichwani siku zote, baba!"

"Ah." Akashusha pumzi. "Kweli ipo."

Akaandika, ikakataa. Akaandika, ikakataa. Mara ya tatu ruta ikakasirika.

"Inasema nisubiri dakika moja ndipo nijaribu tena."

Dakika moja. Jaribuni kukaa dakika moja na mama yenu yuko huko asikojulikana. Binti akatazama mirija, akatazama saa ya ukutani, akatazama mirija. Ndani ya simu kitu kikaburuzwa sakafuni, kizito.

"Nini hicho?"

"Paka."

"Tangu lini tuna paka?"

"Wa jirani."

"Jirani ana kuku, baba."

"Basi ni kuku!" mzee akafoka. Kisha kwa sauti ya chini, "Dakika imeisha. Tuendelee."

Safari hii paswedi ikakubali. Binti aliujua ukurasa ule kwa moyo, akamwongoza kama kipofu anayemwongoza mwenye macho: upande wa kushoto, mstari wa sita kutoka juu, bonyeza, sasa wa pili, bonyeza.

"Unaona nini?"

"Mlango elfu nane na themanini. Unakwenda kwa kifaa namba kumi na nne."

"Vizuri sana. Sasa rudi mwanzo, mstari wa tatu. Hiyo ni orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya nyumba sasa hivi. Nisomee."

"Kumi na moja, kompyuta. Kumi na mbili, televisheni." Akanyamaza.

"Endelea."

Hakuendelea.

"Baba?"

"Kumi na saba," mzee akasema polepole.

"Kumi na saba ni nini?"

Hapa, ndugu msomaji, mtazameni mzee vizuri. Angeweza kusema ni redio. Angeweza kusema haisomeki, mwanga unamchoma, miwani imepata ukungu. Lakini miaka thelathini na moja alisoma namba kwenye simu ya stesheni, na ulimi wake haujui kusoma namba ya uongo. Uongo kuhusu watu, unauweza. Wa namba, haujui.

"Imeandikwa kamera."

"Na kumi na nne?"

"Kumi na nne haipo."

"Ndiyo hiyo! Si nilisema? Imehama namba, baba, imehama tu!" Binti nusura aruke. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kupata kitu cha kushika.

"Una hakika kuna kamera inayofanya kazi humu?" Mzee aliuliza kama mtu aliyeona nyayo ndani ya nyumba aliyoifunga mwenyewe.

"Umesoma mwenyewe."

"Nimesoma kilichoandikwa."

"Basi rudi kule kwenye mlango, futa kumi na nne, weka kumi na saba. Halafu bonyeza kitufe cha buluu."

"Mwanangu, nisikilize kwanza."

"Bonyeza, baba."

"Kuna jambo nataka..."

"Baba, bonyeza!"

Akabonyeza.

Na papo hapo kengele ya chombo cha maji ikalia. Mlango ukafunguliwa. "Vipi?" akauliza daktari, glavu zake nyekundu mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Binti akabana simu kati ya sikio na bega. Akaitoa mirija, akaizungusha kwenye mashine, akadondosha tone kwenye kioo, akainamisha jicho. Mikono ilifanya kazi yenyewe kwa mazoea. Chembe zimetawanyika vizuri, hakuna kipande kilichogandana. Akatazama mara ya pili, maana huyo naye ni mama wa mtu.

"Zinapatana. Mwekeeni."

Daktari akaondoka mbio. Binti akaigeukia kompyuta ya maabara, akabisha mlango elfu nane na themanini.

Ukafunguka. Ukamwomba jina na paswedi. Akaandika yake, ikakataa. Akaandika tena taratibu, ikakataa. Kamera aliyoifunga yeye imemkataa yeye! Ndipo akajaribu ile ya kiwandani, ile ambayo kila mnunuzi anaambiwa aibadilishe na hakuna anayejisumbua.

Picha ikaja.

Hapakuwa na kitanda. Palikuwa na makochi.

Ilikuwa sebule ya nyumbani, imeonekana kutoka juu. Ruta na taa zake za kijani. Meza. Na mezani, mbele ya kompyuta, miwani puani na simu sikioni, ameketi baba yake. Peke yake.

"Umeona kitu?" baba akauliza. Kwenye picha midomo yake ilicheza baada ya sauti kufika.

Hapo ndipo yote yalipomwangukia binti kwa pamoja. Mwezi uliopita Mheshimiwa alimuuliza, kwa tabasamu, kamera ile aliinunua duka gani. "Nataka moja ya ofisini," alisema. Ofisi yenyewe ndiyo hii: sebule ya wazazi wake, ili amchunge baba yake mwenyewe na kila anayeingia. Namba kumi na saba ni jicho la kaka, na mzee hakujua kama lipo. Kumi na nne, jicho la binti, halikuhama kwenda popote. Limeng'olewa ukutani. Umeme haukukatika hata sekunde moja.

Mzee alikubali kufuata kila agizo kwa sababu alijua kamera ya mama imechomolewa, na mwanawe ataminya vitufe weee mpaka achoke, asione kitu.

"Bado, baba," akasema. Nao ukawa uongo wake wa kwanza siku hiyo. "Bado inazunguka. Uko wapi hapo ulipo?"

"Pembeni ya mama yako."

"Umemshika mkono?"

"Nimemshika."

Mkono ule ulikuwa juu ya meza, unachezea kifuniko cha kalamu. Unakifungua, unakifunga.

Kamera ile haikuwa na sauti. Kwa hiyo Mheshimiwa alipotokea kwenye korido, tai shingoni, alionekana tu akiinua vidole viwili, halafu akizungusha mkono hewani: dakika mbili, mzungushe. Mzee akageuka nusu, akaitikia kwa kichwa.

Hasira ilimpanda binti mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kumchukia baba yake. Alijaribu kweli. Lakini picha ile ya kutoka juu ilimwonyesha kitu ambacho kwa miezi saba simu haikumwonyesha: kola ya shati imekuwa pana, shingo imekonda ndani yake. Mzee wa miaka sabini na minne, kila usiku amekuwa akimgeuza mkewe kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke, na kila asubuhi akipigiwa simu anajibu, tuko salama. Yeye binti aliapa, akapanda basi. Kiapo akakibeba mwingine.

Amechoka, akawaza. Baba yangu amechoka na hakuna aliyemuuliza.

Akaamua kumfungulia mlango mmoja wa mwisho, pengine atapita mwenyewe.

"Baba, kama kuna jambo niambie tu. Sitakasirika. Naapa sitakasirika."

Kwenye picha mzee akafumba macho. Akakaa hivyo. Sema, baba. Sema tu, nitamlilia kaka kwenye simu, nitampigia magoti, sema.

"Hakuna jambo, mama," baba akasema, macho bado yamefumbwa.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Polisi? Ukawaambie nini, kaka anampeleka mama yake mzazi kwa wauguzi? Wangempongeza. Kupiga kelele? Kelele ya mtu aliye mwendo wa siku mbili haimwamshi hata nzi. Kilichobaki ni kuchelewesha. Kama wanangoja simu ikatwe ndipo watoke, basi simu isikatwe.

"Sawa, baba. Msogezee mama simu mdomoni. Nimsikie akipumua tu, roho yangu itulie."

Mzee akageuza macho kwa Mheshimiwa. Mheshimiwa hakuelewa, akafanya ishara ile ile ya kuzungusha mkono, kisha akarudi ndani.

Mzee akaitoa simu sikioni. Akaitazama. Halafu taratibu akaisogeza kwenye mdomo wake mwenyewe, akaanza kupumua.

Na alijua namna! Pumzi fupi ya kuingiza, kituo kidogo, kisha ndefu ya kutoa yenye mluzi mwembamba upande ule wa mdomo uliokufa. Moja. Mbili. Tatu. Hakukosea hata mahali pa kusimama. Miezi saba ameilalia pumzi hiyo, ameihesabu gizani akiogopa isije ikakatika. Kama binti asingekuwa na picha, angeapa ni mama. Angesema asante, akakata, akaenda kunywa chai.

Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. Hakuthubutu kuvuta kamasi, asije akasikika.

Ndipo machela ilipotokea kwenye korido, nyuma ya mgongo wa mzee. Koti jeupe mbele, koti jeupe nyuma, na katikati mama, amefungwa mikanda miwili juu ya shuka. Macho yake yalikuwa wazi. Hakuwa amelala, hakuwa amelala hata kidogo.

Walipofika kwenye mlango wa kutokea, mkono wa kushoto ukatoka chini ya shuka, ukakamata fremu ya mlango.

Machela ikasimama.

Mkono ule ulikuwa umepokea watoto wa mtaa mzima, na sasa ulishika mbao kwa vidole vinne, mifupa ikatokeza. Mbebaji wa mbele akavuta, machela haikwenda. Mheshimiwa akamwinamia mama, akasema naye. Pengine alisema maneno mazuri. Midomo yake ilionekana ya upole. Kisha akashika kidole cha mwisho, kile kidogo, akakibandua.

Na mzee mezani, hatua tano kutoka hapo, kawapa mgongo, anampumulia mkewe kwenye simu.

"Baba," binti akasema. "Nakuona."

Pumzi zikakatika.

"Nakuona, baba. Uko sebuleni, uko mezani, umevaa shati la mistari. Mama yuko nyuma yako, ameshika mlango. Geuka nyuma umtazame mama."

Mzee akainua uso. Akatazama juu ya kabati, akatazama juu ya pazia, akatazama dari, akimtafuta mwanawe aliko. Akatazama kila upande wa sebule ile isipokuwa nyuma.

Mlangoni vilikuwa vimebaki vidole viwili.